Kompyuta ya mtumba ya kutengenezea mziki: uchukue ipi

Stika ya i7 (aina ya prosesa ya Intel) ndo inaponza wengi. Mtu akiiona tu analipa fasta, wakati i7-7500U ina kori (sehemu za prosesa zinazopiga kazi) 2 tu na i5-8250U iliyotoka mwaka mmoja baadae ina 4, afu akishapanga vokali na plagini zake (programu ndogo za efekti na vyombo) sauti inaanza kukwaruza anabaki kulaumu programu. Soma namba nzima ya prosesa. Kwa Intel mi naanzia kizazi cha 8 (kama hiyo i5-8250U, namba inaanza na 8), maana hata Windows 11 rasmi inakubali kuanzia hapo kwa nyingi, na Windows 10 ilishaachwa Oktoba 2025.

Namba 1 kwangu ni desktopu zilizotoka maofisini, mfano OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP yenye i5-8500. Kori 6, RAM unachomeka mwenyewe mpaka ifike 16GB, SSD unaongeza, na haishushi kasi kwa joto hovyo kama laptopu nyembamba. Shida yake haina betri, umeme ukikatika hujasevu kazi imeenda.

Namba 2, MacBook Air M1 ya 2020. Haina feni kabisa, na kama unarekodi vokali chumba hichohicho utajua raha yake kwasababu maiki haidaki ule mvumo. Ila RAM haiongezeki milele, kwahiyo ukipata ya 16GB usiiache, na usitoe hela kabla mwenye nayo hajaondoa akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako, ikijifunga hapo umenunua bati.

Namba 3 laptopu ya Lenovo, ThinkPad T480. Nafasi mbili za RAM, inafika 32GB. Angalia isiwe T480s, ile RAM nyingine imechomelewa kwenye mazabodi.

Laptopu za gemu naziweka mwisho, hela nyingi inaenda kwenye kadi ya picha ambayo mziki hauihitaji sana, na feni zake zinapiga kelele.

Sasa kujaribu, hapa usione aibu hata muuzaji akinuna. Mi niliwahi kununua laptopu ikawa inatoa "tak tak" kila baada ya sekunde kadhaa, nimehangaika wiki mbili kumbe ni draiva ya waifai, nilivyozima waifai ikatulia. Siku hizi naenda na hedifoni, kadi yangu ya sauti na flashi yenye Reaper (programu ya kurekodia mziki) na projekti nzito, naweka bafa (akiba ya sauti kompyuta inayoandaa kabla ya kuicheza) sampuli 128 kwenye 44.1kHz (hiyo ni kama milisekunde 3), afu naiacha icheze nusu saa. Kama ni Windows, muda huohuo washa LatencyMon ikuonyeshe draiva inayochelewesha sauti, afu fungua na CrystalDiskInfo uone afya ya diski. Ikianza kukwaruza kabla haijapata hata joto, mrudishie.