Sauti za Busara: pa kula usiku wa muziki Ngome Kongwe

Watu hununua tiketi ya Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, mapema, wakapanga boti, wakapanga chumba Mji Mkongwe, kisha chakula wakakiachia bahati. Matokeo yake unayaona kila Februari saa mbili za usiku: kundi zima limetoka Ngome Kongwe, ngome ya kale linamofanyika tamasha, kwa pamoja, limevuka barabara kwenda bustani ya Forodhani, limejipanga kwenye meza zilezile, na bendi waliyoilipia wanaisikia kwa mbali, nyuma ya ukuta.

Orodha hii inapanga pa kula kwa usiku wa tamasha peke yake. Mkahawa unaofaa kwa Jumanne tulivu unaweza kukuharibia Ijumaa ya muziki. Kigezo changu cha kwanza ni muda: tangu kuagiza hadi kushiba, ukijumlisha na mwendo wa miguu hadi langoni. Cha pili ni tumbo lenyewe, kwa sababu Februari ni kiangazi, kuta za mawe zimeota jua kutwa, na umekuja kucheza. Bei ni ya tatu. Mandhari nimeyaweka mwisho kabisa, na anayeamini kwamba chakula hunoga zaidi bahari ikionekana anaweza kuruka moja kwa moja hadi namba sita tukagombane huko.

Kwa mgeni wa shughuli hii: tamasha lilianza 2004, likakosekana 2016 kwa uhaba wa fedha, likarudi. Ni muziki wa jukwaani, wapigaji wakipiga kwelikweli, bendi kadhaa kwa usiku mmoja, na ngoma za mwisho hupita saa sita usiku. Kwa hiyo hesabu milo miwili. Mmoja mzito kabla ya magharibi, mwingine mwepesi usiku ukishakwenda. Wanaoteseka ni wale wanaotaka mlo mmoja mkubwa katikati.

1. Lukmaan, Mkunazini

Hapa ndipo pa mlo mzito, na sioni mpinzani wake. Mkahawa uko chini ya mbuyu, karibu na Kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Huletewi orodha ndefu ya kusoma. Unasimama mbele ya vyakula vilivyokwisha pikwa, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Kwa usiku wa tamasha, hilo peke yake linatosha kuipa nafasi ya kwanza, kwani hakuna dakika arobaini za kungoja samaki akaangwe.

Chukua wali wa nazi na samaki wa kupaka, au pweza wa nazi kama wapo. Pilau pia haikosei. Biriani yao ni nzuri lakini nakushauri uiweke kwa mchana wa siku ya pili. Masala, samli na joto lile vikikutana, utakuwa mtu wa kuegemea ukuta bendi ya kwanza ikianza. Sahani zao si ndogo. Wawili wenye njaa ya kawaida wanaweza kuchukua sahani moja ya wali, vitoweo viwili na chapati, wakatoka wameshiba.

Fika saa 11 jioni, au kabla. Baada ya magharibi wenyeji, wageni wa hoteli na wenye tiketi kama wewe huingia kwa mpigo mmoja, na ile faida ya haraka inapotea. Ukimaliza, tembea kupitia Sokomuhogo hadi Jaws Corner, halafu ushike vichochoro vya kuelekea Gizenga, utokee nyuma ya Ngome. Ni dakika 10 hadi 15 kwa mtu asiyepotea. Anayepotea, na Mji Mkongwe kila mtu hupotea, aulize Forodhani iko wapi, maana hiyo kila mtoto anaijua.

Hapo Jaws Corner pana wauza kahawa, vikombe vidogo, na mabaraza ya wazee wanaobishana siasa na kucheza dhumna. Kikombe kimoja cha kahawa chungu na kipande cha kashata baada ya wali wa nazi ni sehemu ya mlo. Salimia kwanza, kaa, ndipo uagize.

2. Urojo

Kama umechelewa na huna saa nzima ya kukaa mkahawani, urojo ndio chaguo lako, na kwa mtu mwenye fedha kidogo ndio wa kwanza bila mjadala. Ni rojo la unga lenye rangi ya manjano na ukali wa embe mbichi au ndimu, ndani yake mna mbatata za kuchemsha, bajia za dengu, kachori, yai, mishkaki ukipenda, juu yake chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo zinazokatika mdomoni. Wageni huuita Zanzibar mix. Msomaji wa Mombasa aliyelelewa kwa viazi vya karai na bajia atajisikia nyumbani hadi atakapoonja ule ukali, hapo atajua yuko Unguja.

Uzuri wake kwa tamasha ni kwamba unashibisha bila kulaza. Una maji, una chumvi, una uchachu, na mwili uliotoka jasho unauhitaji mchanganyiko huo kuliko nyama choma. Muuzaji anajaza bakuli kwa muda wa kuhesabu chenji. Asiyekula nyama anasema tu asitiwe mishkaki, na bado anapata bakuli lililojaa.

Namna ya kuchagua muuzaji: tazama sufuria kama iko juu ya moto na inafuka, halafu tazama bajia kama zinatoka karaini sasa hivi au zimelala tangu adhuhuri. Muuzaji wa mtaani mwenye foleni ya wanafunzi na akina mama wenye vyombo vyao mkononi ni bora kuliko meza yenye taa kali na bango la Kiingereza. Wa mitaani huanza alasiri na wengi huishiwa mapema, kwa hiyo usiuwekee akiba ya saa tatu usiku. Pilipili iombe pembeni kama huna uhakika na tumbo lako. Vyoo vya tamasha navyo vina foleni.

3. Forodhani

Najua wengi wangeiweka ya kwanza. Iko mkabala na lango la Ngome, unavuka barabara umefika, na jioni wauzaji wakiwasha taa zao, moshi wa mishkaki ukipanda na vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani, hakuna mahali pa Afrika Mashariki panapopendeza kama pale. Bustani ilijengwa upya na Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa tena 2009, na kwa starehe ya kukaa jioni haina mfano.

Lakini tunazungumzia kununua chakula, na Forodhani lazima ununue kwa macho mawili. Kanuni yangu ni moja: nunua kinachopikwa mbele yako tangu kikiwa kibichi. Piza ya Forodhani inapita mtihani huo. Kinyunya kinatandazwa hadi kinakaribia kuonekana upande wa pili, kinatiwa nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, yai na jibini, kinakunjwa na kukaangwa kwenye chuma hapohapo. Mishkaki ya ng'ombe juu ya makaa nayo inapita, hasa ukiipata na mkate wa ufuta. Juisi ya miwa, ikikamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, ndiyo kinywaji cha usiku huo. Mwenye tumbo jepesi aombe isitiwe barafu.

Kinachofeli mara nyingi ni ile mishikaki ya vitu vya baharini iliyopangwa kwa rangi mezani: kamba, ngisi, pweza, kambakochi, jodari. Vingi vimekwisha pikwa mapema, na vikiletwa kwenye makaa vinapashwa moto tu. Ngisi aliyepashwa mara ya pili unamtafuna bendi nzima ikamaliza. Bei nayo huwa haijaandikwa, inategemea sura yako na lugha yako, na huja kutajwa sahani ikiwa tayari mkononi. Ongea Kiswahili, sema unachotaka kimoja kimoja, taka jumla yake kabla hakijagusa makaa. Akisema "tutaelewana", shukuru, nenda meza ya pili. Wala usione haya, mabishano ya bei ni sehemu ya bustani ile kama walivyo paka wake, ambao nao watakuja kudai fungu lao.

Kisha kuna hesabu ya foleni. Chuma kimoja cha piza hupika moja au mbili kwa wakati. Ukikuta watu wanane mbele yako kati ya bendi na bendi, umeshaikosa bendi. Nenda kabla ya saa moja na nusu, au subiri hadi saa nne. Na kama unatoka ndani ya Ngome kwenda kula, uliza langoni kwanza kama utaruhusiwa kurudi kwa mkanda uliovaa. Usiulize ukiwa tayari nje. Pombe Forodhani hakuna, kwa hiyo wenye nia hiyo wasizunguke bure.

4. Vibanda vya ndani ya Ngome

Vipo, vinaokoa, basi. Uteuzi ni mdogo, bei iko juu kidogo kuliko ya mtaani, na haki yao, maana unalipia kutoikosa ngoma. Nunua hapo sambusa, katlesi au chochote cha kushika kwa mkono mmoja. Mlo wa sahani na kijiko huku umesimama gizani katikati ya watu wanaoruka ni kutafuta kufua nguo ya jirani.

5. Darajani, baada ya kila kitu

Soko la Darajani, lile jengo la 1904, ni la mchana. Ninalosema hapa ni chipsi, kuku na mishkaki za pembezoni mwake, ambako waliokwisha kucheza huenda kumalizia usiku wakielekea Michenzani na Ng'ambo. Chipsi mayai ya moto wakati huo haihitaji sifa. Kama umefikia hoteli ya Shangani, usiende huko kwa ajili ya chakula peke yake. Ni upande wa pili wa mji, na vichochoro vikishalala kutembea kwa kikundi ni bora. Anayelala Ng'ambo, huko ndiko njia yake, na kwake hii ingekuwa namba tatu.

6. Mapaa ya hoteli

Emerson on Hurumzi na Emerson Spice zina chakula cha juu ya paa ambacho sifa zake ni za kweli. Pale Hurumzi unakaa chini juu ya mito, viatu umeviacha, minara na mabati ya mji yako chini yako, na jua linazama mbele yako. Chakula huja kwa awamu, kidogo kidogo, na lazima uwe umeweka nafasi mapema.

Hilo ndilo tatizo. Mlo wa aina hiyo huanza wakati wa machweo na hauna haraka, wakati ambao jukwaa nalo linaanza kupamba moto. Utalipa mara mbili kwa saa zilezile, na gharama ya mezani peke yake ingelisha familia pale Mkunazini. Weka nafasi kwa usiku wa kabla ya tamasha au wa baada yake. Huo utakuwa uamuzi wa maana, hasa kwa wapenzi wa taarabu, kwa kuwa mji huu ndio wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, na nyimbo zake zinataka kusikilizwa umekaa. Kwa Ijumaa na Jumamosi ya tamasha, hapana.

Wanaotoka Dar kwa boti

Safari ni kama saa mbili, mnateremkia Malindi, na njaa huanza pale pale bandarini. Msiburute mabegi hadi Forodhani mchana, meza hazijapangwa. Passing Show iko Malindi hapohapo, pilau na biriani za mchana kwa bei ya mwenyeji, wahudumu wasio na muda wa kubembeleza mtu. Hiyo biriani niliyowakataza jioni, huu ndio wakati wake. Mkila saa saba, mkalala kidogo, jioni urojo utatosha, na Lukmaan mnaisogeza hadi kesho.

Maji nunueni dukani mchana, chupa kubwa, mnywe kabla ya kuingia. Na kabla ya kukata tiketi ya mwaka wowote, tazameni kalenda ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na sasa imefika Februari. Mkiangukia ndani yake, mikahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana, kula hadharani haifai, na biashara yote ya chakula inahamia baada ya adhana ya magharibi, wakati ambao urojo na katlesi za futari huwa bora kuliko msimu mwingine wowote, ila foleni zake msizidharau.