Mawe ya urembo kwa bustani za Mombasa: tazama chokaa kabla ya rangi

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana: kichaka cha iksora kilikuwa kikichanua vizuri, mtu akatandaza mawe meupe, sasa majani yamepiga manjano. Basi anazidisha maji. Si kiu hiyo! Chukua jani ulitazame: mishipa bado kijani, katikati ndiko kumepauka. Mmea umekosa madini ya chuma, na kilichoyazuia ni chokaa.

Udongo wetu umekalia mwamba wa matumbawe, chokaa imo tayari, na maji ya kisima huongeza yake. Ukitandaza marumaru au vipande vya matumbawe juu, kila ukimwagilia vinayeyuka kidogo kidogo. Iksora haivumilii. Muuzaji hakwambii. Nenda na kichupa cha siki, kwaruza jiwe kwa msumari upate unga, tia matone. Likitoa povu lina chokaa, mrudishie mwenyewe.

Namba moja kwangu ni Mazeras, na upendeleo wangu siufichi. Ni jiwe la mchanga, linatoka hapa jirani njia ya Nairobi, na adhuhuri halikuchomi macho kama jeupe. Waulize mafundi wanaochonga ya kutandika uani wakuuzie makombo.

La pili Galana. Gumu, lina rangi nzuri, ila huja vipande vipana. Linafaa zaidi kuzungushia kingo kuliko kufunika udongo.

La tatu, mawe mekundu ya volkeno kutoka bara. Mepesi na hayana shida ya chokaa, lakini nauli utailipa wewe. Yale meusi hushika joto sana, yaweke mbali na shina.

Marumaru nyeupe iwe ya mwisho, na iende kwenye shubiri na adeniamu (waridi la jangwani), si kwingine. Kokoto za ujenzi ni rahisi: zioshe vumbi, zipime kwa siki, basi.

Sasa wauzaji. Mawe yaleyale yakipewa jina la Kiitaliano, bei inapanda. Mengine weupe wake ni rangi tu, mvua ya masika ya kwanza inaondoka nao. Na huo "mfuko" hauna kipimo: leo umejaa, kesho umefungwa katikati, bei haibadiliki. Ukiuliza una kilo ngapi, unaulizwa wewe kama unapanda maua au unafungua duka.