Msimu wa Formula 3 wa 2024: bingwa ambaye safu yake ya ushindi ni tupu

Katika daftari langu la msimu wa Formula 3 wa 2024 kuna mstari ambao bado narudi kuutazama. Ni mstari wa Leonardo Fornaroli, Mwitaliano wa timu ya Trident. Nimeandika raundi zote 10 kwa mpangilio wake, Bahrain, Melbourne, Imola, Monaco, Barcelona, Spielberg, Silverstone, Budapest, Spa na Monza, kila moja na mbio zake mbili. Mbio 20. Safu ya mwisho niliiita "ushindi", na kwa Fornaroli iko tupu kuanzia juu hadi chini. Pembeni yake, kwa wino mwekundu, nimeandika: bingwa.

Kazi yangu ni uhasibu, na naona ndiyo sababu msimu huu ulinikamata kuliko mingine niliyowahi kuifuatilia. Nilitazama mbio zote, nyingine zikiwa zinaendelea, nyingine marudio usiku nyumba ikiwa kimya. Mara nyingi nilikuwa na mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 13, ambaye yeye anachotaka ni magari yapitane tu. Ndiye aliyeniuliza, "Shangazi, bingwa gani huyu asiyeshinda?" Nikamwambia alete penseli.

Kwa asiyezijua hizi mbio: ni ngazi ya vijana wanaotaka kufika Formula 1, magari 30, timu 10 zenye madereva watatu kila moja, na gari ni la aina moja kwa wote. Bodi anatengeneza Dallara, injini ya V6 ya lita 3.4 ni ya Mecachrome, nguvu farasi kama 380, matairi ya Pirelli. Magurudumu yako nje, dereva yuko wazi, na usukani hausaidiwi na mtambo wowote. Mikono ya kijana ndiyo inayolipinda gari. Ijumaa wanapata dakika 45 za mazoezi, kisha dakika 30 za kutafuta muda wa kupanga mstari wa kuanzia. Baada ya hapo ni mashindano. Hakuna kusimama kubadilisha matairi kwa mpango, hakuna mkakati wa kukokotoa kwenye kompyuta kwa saa mbili. Mbio zote mbili za wikiendi ukiziunganisha, hazimalizi muda wa filamu moja. Kwa mtu mwenye kazi na nyumba, hili ni jambo la kushukuru.

Sasa hesabu. Mbio kuu humpa mshindi pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15, wa nne 12, hivyo hadi wa kumi anayepata 1. Mbio fupi za kabla yake humpa mshindi 10 tu, na mstari wake wa kuanzia hugeuzwa: kumi na wawili wa kwanza wa Ijumaa hupinduliwa, aliyekuwa wa 12 akaanza mbele, na aliyekuwa na kasi kuliko wote akaanza wa 12. Ndipo nilipomwonyesha kijana. Ukiwa na kasi ya kutosha kuwa ndani ya kumi na wawili kila Ijumaa, wikiendi nzima uko kwenye pointi. Ukikosea ndani ya zile dakika 30, ukakuta magari mengine mbele yako kwenye mzunguko wako mzuri, unaanza wa 20, na kutoka wa 20 pointi ni za kuokota. Magari yanalingana mno. Fornaroli aliishi ndani ya kumi na wawili. Wa tatu leo, wa tano kesho, wa pili wiki ijayo. Mimi nikiona mapato ya namna hiyo kwenye vitabu vya mtu, namwamini.

Wenzake walipokezana ushindi, na hapo ndipo msimu ulipokuwa mtamu. Luke Browning alichukua mbio kuu ya Bahrain. Dino Beganovic akachukua ya Melbourne. Gabriele Minì akashinda Monaco kwa mwaka wa pili mfululizo. Callum Voisin akashinda Spa. Na Silverstone, Arvid Lindblad, akiwa na miaka 16, akabeba mbio zote mbili za wikiendi moja, fupi na kuu. Wikiendi ile nilidhani nimeshamwona bingwa, nikataka hata kuandika jina lake mapema. Daftari likanikatalia: kila aliyeshinda kwa kishindo alikuwa na mbio nyingine za sifuri zilizokula faida yote.

Nisifie pia kile ambacho kamera hukisahau. Nafasi ya kwanza hadi ya tatu mara nyingi hutulia baada ya mizunguko michache. Kuanzia ya saba hadi ya kumi na nne ndiko kuna vita, magari manne yakiingia kona moja kama abiria wanaogombea mlango mmoja. Kwa kuwa bawa la nyuma huruhusiwa kufunguliwa, ili gari liongeze kasi, ukiwa chini ya sekunde moja nyuma ya mwenzako, wote kwenye foleni wanafungua, na hakuna anayemwacha mwingine. Kijana alikuwa anapiga kelele, "Shangazi, tazama huku nyuma!" huku picha ikiwa imemng'ang'ania kiongozi anayeendesha peke yake.

Ratiba ndiyo iliyoniudhi. Raundi ya Melbourne iliisha tarehe 24 Machi, na magari hayakuonekana tena mpaka Imola, katikati ya Mei. Wiki nane hivi. Kijana alikuwa amesahau nani anaendesha timu gani, ikabidi tuanze upya. Halafu raundi zikatushukia kama mvua ya mawe: Barcelona, Spielberg na Silverstone wikiendi tatu mfululizo, pumzi moja, kisha Budapest na Spa zikifuatana. Kuanzia tarehe 21 Juni hadi 28 Julai nusu nzima ya msimu ilikuwa imepita. Dereva aliyeumia kidogo au aliyepoteza imani katika siku hizo hakuwa na mahali pa kukaa akajipanga. Mwenye kupanga ratiba hii anafuata magari makubwa ya Formula 1 yanakokwenda, naelewa, lakini vijana wanaojifunza kazi wanahitaji mwendo ulio sawa.

Monaco nayo siipendi kwa magari haya. Barabara ya kilomita 3.337 haiwezi kubeba magari 30 yakitafuta muda, kwa hiyo huwagawa makundi mawili, na siku ya mbio ni msafara. Msifuni Minì, alifanya kazi yake bila kosa, lakini mtazamaji mgeni msimwanzishie hapo.

Kuhusu huduma ya kutazamia niliyolipia, picha ilikuwa safi na sauti haikukatika. Kasoro yake moja iliniumiza mara kadhaa: marudio yalikuwa yanawekwa na picha ya mshindi akiwa jukwaani, kikombe mkononi, kabla hujabonyeza chochote. Ilifika mahali kijana anafungua yeye, mimi nimefumba macho, ananiambia "tayari" mbio zikishaanza. Jedwali la muda nalo lilichelewa nyuma ya picha, na kwa mtu anayeandika namba hilo ni tatizo la kweli. Kwa hayo nauondolea msimu, pamoja na namna ulivyoletwa kwetu, nyota moja. Nne kati ya tano.

Hiyo ya nne karibu yote ni ya Monza, Jumapili ya tarehe 1 Septemba.

Mzunguko wa mwisho wa mbio ya mwisho. Sami Meguetounif, mwenzake Fornaroli wa Trident, yuko mbele. Minì ni wa pili. Christian Mansell wa tatu. Fornaroli wa nne. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwenye karatasi ya pembeni: kwa mpangilio ule, ubingwa ni wa Minì. Nafasi ya nne ni 12, ya tatu ni 15, na zile pointi tatu ndizo zilizokosekana. Mizunguko yote ya mwaka mzima, kutoka Bahrain, ilikuwa imebakia kona moja, ile ndefu ya kulia iitwayo Parabolica. Fornaroli aliingia akiwa wa nne, akatoka akiwa wa tatu. Kijana alisimama juu ya kochi. Mimi sikusimama, nilikuwa nimeshika kalamu na mkono ulikuwa unatetemeka, nikaandika 15 vibaya ikasomeka kama 75.

Baadaye Minì aliondolewa kwenye matokeo ya mbio ile, Fornaroli akapanda hadi wa pili, akafunga mwaka na pointi 153. Kwa hiyo ukitazama jedwali la mwisho unaona pengo kubwa, unadhani mambo yalikuwa mepesi, na ile kona ya mwisho haionekani kabisa. Hili ndilo linanifanya nimwambie kila mtu asisome matokeo akaishia hapo. Fornaroli alimpita Mansell bila kujua kwamba jioni ile hesabu ingebadilika. Alichokuwa anajua ni pointi tatu na kona moja.

Nimesikia wanaosema utaratibu una kasoro kama unaweza kumpa ubingwa asiyeshinda. Mimi nauona uko sawa. Ushindi ulilipwa vizuri, 25 dhidi ya 18, na kila aliyeutaka alikuwa na nafasi 20 za kuuchukua na kuulinda. Mtu asilaumu daftari.

Mwaka 2025 Fornaroli alipanda ngazi moja, Formula 2, na timu ya Invicta. Huko akaanza kushinda mbio, na mwisho wa mwaka akawa bingwa tena. Siku ulipothibitishwa ubingwa huo, mtoto wa kaka yangu alikuja na daftari la 2024 na penseli, anataka kuijaza ile safu tupu. "Shangazi, si ameshinda sasa?" Nikamwambia hapana, huo ni msimu mwingine, una daftari lake. Akalifungua jipya, akachora mistari mwenyewe.