Poka ya mtandaoni: kuweka hela dakika mbili, kutoa hela mpaka leo bado

Kuna madogo wanapita hapa dukani Mwanjelwa kila siku wananiuliza kaka app gani ya poka nzuri, na mi nimeichezea moja kama miezi miwili, basi naandika yote hapa ili asije mwingine akaingia kichwa kichwa. Jina lake naliacha.

Mchezo wenyewe ni mzuri, sitadanganya. Meza zinafunguka haraka hata kule Uyole mtandao ukiyumba, karata zinaonekana vizuri kwenye simu ndogo, na kuna meza za senti kabisa ambazo anayejifunza Texas Hold'em (ile aina ya poka inayochezwa sana) anakaa masaa hajapoteza hata buku. Niliweka elfu 50 kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, ikaingia kama dola 18, haikuzidi dakika mbili na hawakuniuliza hata nina miaka mingapi (hilo pekee lingetosha kunishtua, maana hapa kwetu chini ya miaka 18 hairuhusiwi kabisa). Nikacheza taratibu usiku nikifunga duka, Juni ile baridi ya Mbeya huna pa kwenda, nikafika dola 141.

Sasa nikabonyeza kutoa.

Wakataka picha ya kitambulisho cha NIDA, mbele, nyuma, afu nijipige nimekishika pembeni ya uso, nikafanya yote. Siku ya sita wanajibu nchi yangu haipo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa, nisome vigezo na masharti. Lakini wakati najisajili Tanzania ilikuwepo, bendera ipo, na +255 ipo, na elfu 50 yangu waliipokea bila kuuliza natokea wapi! Yaani kuingiza inaruhusiwa, kutoa hairuhusiwi. Nikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa wao, kuna kialama cha leseni ya kisiwa fulani huko Karibi, ukikibonyeza hakifunguki, ni picha tu.

Hapo ndo nikaanza kusoma habari za sheria, ambazo ningezisoma kabla. Kwetu kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, Sura ya 41, inayosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kuendesha mchezo wa hela bila leseni ya Bodi ni kosa. Kasino za mtandaoni zinaruhusiwa lakini ziwe na leseni ya hapa, na Bodi inaweka kwenye tovuti yake orodha ya kampuni zenye leseni, unatafuta jina dakika moja umemaliza. Hii yangu haimo. Mwenye leseni ukigombana naye unapeleka malalamiko Bodi na anaitwa ajibu, huyu wa kisiwani utamwita uje naye wapi?

Kuna jamaa dereva wa lori wa Afrika Kusini huwa anasimama hapa akielekea Tunduma, nikamsimulia, akasema kwao wanajua sana hii kitu, sheria yao ya 2004 inaruhusu kubeti mechi mtandaoni ila kasino na poka hapana, bunge likapitisha marekebisho 2008 ya kuziruhusu na mpaka leo hayajaanza kutumika, kwahiyo watu wanachezea app za nje na zikiwazingua hawana pa kushtaki.

Na Marekani ndo walipata somo kubwa zaidi. Mwaka 2006 walipitisha sheria inaitwa UIGEA, haikumgusa mchezaji, iligusa njia ya hela, yaani kampuni isipokee malipo ya kamari haramu ya mtandaoni. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ikafunga tovuti za PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker kwa wachezaji wa kule siku moja. PokerStars wakaanza kurudisha hela za watu ndani ya wiki chache kwasababu walikuwa nazo. Full Tilt hawakuwa nazo, akaunti zinasoma namba tu, na Wamarekani waliokuwa na hela kule wakaanza kulipwa 2014. Miaka mitatu karibu! Baadae majimbo yenyewe kama Nevada na New Jersey yakaanza kuwa na poka ya mtandaoni yenye leseni zao 2013, na anayecheza kule anajua nani atamjibu.

Nilipoisoma hiyo ya namba tu nikarudi kuangalia akaunti yangu kwa macho mengine. Dola 141 zile zimeandikwa kijani, nzuri kabisa, na mi elfu 50 yangu ni ya mtaji wa duka, ni pea kadhaa za breki pedi.

Kwahiyo alama zangu, mchezo nyota 4, kuweka hela nyota 5, huduma kwa wateja nyota 1 maana wanajibu ujumbe ule ule umenakiliwa, kutoa hela sifuri. Jumla nawapa nyota 1. Dogo anayetaka kucheza poka kwa hela aanze na ile orodha ya Bodi, jina lisipokuwemo asiweke hata elfu tano, na akikuta limo ajaribu kwanza kutoa kiasi kidogo kabla hajaongeza. Barua pepe ya tatu nimewaandikia juzi, wakijibu kitu kipya nitakuja kubadilisha hizi nyota. Ndaga fijo.