Mkusanyiko wa video za Kunishige Kamamoto: unafaa kununuliwa

Nimeutazama wote mkusanyiko huu wa diski kuhusu mshambuliaji wa Japani aliyefunga mabao 202 katika ligi ya nchi yake akiwa na klabu ya Yanmar Diesel kabla ya kustaafu mwaka 1984, na ninaupendekeza kwa moyo wote.

Thamani yake kubwa iko kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968, ambapo Kamamoto aliibuka mfungaji bora kwa mabao saba: matatu dhidi ya Nigeria, mawili dhidi ya Ufaransa na mawili yaliyoizamisha Mexico na kuipa Japani medali ya shaba. Litazame bao la kwanza dhidi ya wenyeji polepole: krosi ya Ryuichi Sugiyama inatoka kushoto, Kamamoto anaituliza kwa kifua, na kabla beki hajageuka shuti limeshapigwa. Hapo ndipo utakapoelewa, kuliko takwimu zozote zinavyoweza kueleza, kwa nini mabeki walimwogopa.

Picha za miaka hiyo zina chengachenga, jambo ambalo halinisumbui. Kinachonisikitisha ni kwamba ugonjwa wa ini uliompata mwaka 1969, ukamkosesha mechi za kufuzu Kombe la Dunia, umetajwa kwa sentensi moja tu, ilhali ndio uliovuruga kilele cha uwezo wake. Sehemu hiyo ilistahili muda mrefu zaidi kuliko sherehe za kumuaga.