Mionzi: walinichora kwa maka peni, wakanigombeza kwa kuoga

Mwaka jana, miezi ile upepo wa Dodoma unapasua midomo, nilipewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa mwingine kuandaliwa mionzi ya kutibu saratani ya titi. Wakanilaza kwenye mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, mikono juu, mistari ya mwanga mwekundu ikinipita kifuani na ubavuni. Inapokatana wakachora misalaba kwa maka peni, mmoja katikati ya kifua na mmoja kila ubavu, wakabandika juu yake vipunje vya chuma ili vionekane kwenye picha. Haya, vaa, nenda nyumbani, tutakupigia.

Nani aliniambia nisisugue? Nani aliniambia nisijipake mafuta? Mtu wa Nkuhungu, Dodoma, vumbi lile, ngozi imekauka kama gome la mbuyu! Nikaoga na dodoki, nikajipaka alizeti, wino wote ukaishia kwenye shimizi.

Niliporudi, kijana mmoja akanifunua, akasonya. "Mama, umefuta alama? Sasa tukupangeje? Nyie wa kutoka mbali mnatuchosha." Mlango uko wazi, wagonjwa wawili wananitazama na mimi kifua wazi. Kitinda mimba wangu ni mkubwa kuliko yeye. Nikavuta kanga yangu nikiapa sirudi. Kama ni kuwapa nyota kwa huduma yao, moja, tena hiyo ni ya mlinzi aliyenionyesha choo.

Nikiwa koridoni akanifuata dada mmoja. Shikamoo kwanza. Ndipo nikaelewa: kompyuta inapima kutoka kwenye vile vipunje hadi penye ugonjwa, na kila siku ya tiba ile mistari ya mwanga lazima ikae juu ya alama zile zile. Ukilala upande kidogo tu, mionzi inakosa ilipolengwa, inaingia zaidi kwenye pafu, au moyo kama ni titi la kushoto. Langu ni la kushoto. "Tulipaswa kukwambia siku ile ile, mama. Utusamehe."

Picha zikarudiwa. Safari hii akachoma vitone vitatu kwa sindano na wino, kila kimoja kama punje ya ulezi. Hivyo havitoki hata kwa dodoki. Sasa kwa nini hawakuanza navyo?

Mionzi yenyewe, siku tano kwa wiki, sina neno: dakika chache unashuka kitandani. Basi nyota nne. Tatu, nikimkumbuka yule kijana. Aa, nne, kwa ajili ya yule dada.

Kitone cha katikati kinachungulia kwenye shingo ya gauni. Mjukuu nikimpakata hukikwangua kwa ukucha, anadhani ni kupe.