Kabla hujauliza bei ya tairi, soma tarakimu nne za ubavuni

Mwaka 2021 nilinunua matairi mawili "mapya". Vile vinywele vya mpira vilikuwepo, stika ilikuwa bado imebandikwa juu ya kashata, yaani ule uso wa tairi unaokanyaga barabara, na yaling'aa kama viatu vya mwanajeshi. Miezi minane baadaye usukani ukaanza kutetemeka kila nilipofika kilomita 80 kwa saa. Nikadhani ni balansi. Fundi akalishusha moja, akafuta ubavu kwa kitambaa kibichi, na rangi nyeusi ikabaki kwenye kitambaa. Chini yake kulikuwa na nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, na kashata imevimba sehemu moja, mpira ukiachana na mkanda wa chuma. Kisha akaweka kidole kwenye namba ndogo iliyozungushiwa mstari: 1114.

"Dada, hili limezaliwa wiki ya kumi na moja, mwaka 2014."

Yaani siku niliyolipa pesa ya tairi jipya, nilichukua mzee wa miaka saba aliyepakwa mafuta. Nikarudi dukani. Muuzaji hata hakuona haya: "Dada, hilo ni tairi, si dawa ya kikohozi. Halina tarehe ya kuisha."

Basi mwongozo huu ni wa tarehe. Saizi sitaigusa, imeandikwa ubavuni mwa tairi ulilonalo, na kwenye magari mengi pia kuna stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva yenye saizi na upepo unaotakiwa. Maua ya kashata nayo kila mtu ana yake.

Tafuta herufi DOT ubavuni, ufuate mstari wake mpaka mwisho. Tarakimu nne za mwisho ndizo unazozitaka: mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Ukikuta tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na mwenye duka ana makumbusho. Sasa, hapa ndipo wengi wanapopigwa: mara nyingi namba kamili huandikwa upande mmoja tu wa tairi. Upande wa pili utakuta DOT lakini mwishoni hakuna tarehe. Likishafungwa na upande wenye tarehe ukiwa umegeukia ndani, utaisoma ukiwa umelala chini ya gari. Kwa hiyo soma kabla halijaingia kwenye ringi, na usome yote manne, maana "bei ya seti" ni mahali pazuri sana pa kuchomekea jizee moja kati ya vijana watatu.

Kwa nini nalishupalia jambo hili? Mpira wa tairi huchanganywa na kemikali za kuuzuia usishambuliwe na hewa. Tairi likitembea, kemikali hizo husukumwa juu na kuilinda ngozi yake. Likikaa tu, hasa penye joto na jua, ulinzi hupungua na mpira hukakamaa. Ndiyo maana tairi linaweza kuwa na kashata nzima kabisa na bado likawa limekwisha. Watengeneza matairi wa Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka, na likifikisha 10 tangu litoke kiwandani liondolewe hata kama linaonekana zima. Fanya hesabu: kila mwaka tairi lililokaa stoo ni mwaka uliolipia wewe, akautumia muuzaji. Mimi dukani sivuki miaka miwili.

Haya, tarehe ukishaisoma, huu ndio mpangilio wangu wa kampuni za matairi.

Namba moja ni Michelin, na sijifanyi sina upande. Seti yangu ya kwanza ilitembea karibu kilomita 70,000 kabla kashata hazijashuka kufikia vile vituta vilivyomo ndani ya mifereji, vinavyoonyesha kwamba imebaki milimita 1.6. Ukitajiwa bei utauliza kama ni ya yote manne. Igawanye kwa kilomita, halafu linganisha na yale uliyobadilisha mara mbili katika muda huohuo.

Mfuko ukikataa, nenda kwa ndugu wa ukoo. BFGoodrich imo mikononi mwa Michelin tangu 1990, na Firestone iko chini ya Bridgestone tangu 1988. Bei hushuka, na nyuma yake bado kuna kiwanda chenye jina la kulinda. Hapa ndipo ninapowapeleka marafiki zangu. (Bridgestone, kwa wapenda vitu vidogo kama mimi, ni jina la mwanzilishi Ishibashi lililogeuzwa: ishi ni jiwe, bashi ni daraja.)

Nafasi ya tatu nawapa Yokohama na Hankook. Sina kesi nao.

Majina usiyowahi kuyasikia: kwa gari la safari fupi za mwendo mdogo, sawa, ukishasoma tarehe. Na inaniuma kuandika hivi, lakini jina dogo lililotoka kiwandani mwaka huu nalichukua kabla ya Michelin la miaka saba.

Mtumba, hapana. Hujui liligonga shimo gani, waya gani umekatika ndani, na tayari lina miaka yake.

Wauzaji sasa. Yule anayekutoza ziada akujazie naitrojeni, mkumbushe kwamba upepo wa bure wa pampu tayari ni naitrojeni asilimia 78. Yule anayekuambia matairi mawili mapya yafungwe mbele "kwa sababu ndiyo yanayokata kona", mwambie yaende nyuma. Gari likiteleza mbele kwenye maji, ukiachia mafuta mara nyingi linarudi. Likiteleza nyuma linazunguka nawe ndani yake. Na yule anayekuambia namba za ubavuni ni "za kiwanda tu", muage.

Siku hizi naenda na tochi na kitambaa kibichi kwenye mkoba. Mara ya mwisho nilichuchumaa mbele ya rundo la matairi yaliyopangwa mlangoni, nikafuta la kwanza: miaka minne. La pili: mitano. Kijana wa dukani alinitazama nikiendelea hadi la tatu, kisha akageuka akaita kwa ndani, "Bosi, huyu anasoma!" Yakaletwa manne kutoka stoo, yenye vumbi, hayajapakwa chochote, ya miezi mitano nyuma. Bei ileile. Nilipokuwa nasubiri yafungwe, aliingia mzee mmoja akauliza saizi kama yangu, na kijana akayafuta tena yale ya mlangoni.

Nikampa mzee tochi yangu.